Maneno ya Mwisho ya Kimathi Hayako Kwa Tisheti Yako

Wiki jana nilipanda mathree ya Jogoo Road pale Muthurwa, na nyuma ya kiti cha dere walikuwa wamechora Kimathi. Unaijua hiyo picha: rasta, macho makali, anakuangalia ni kama wewe ndiye umemkosea. Chini yake wameandika ile line ya afadhali kufa umesimama kuliko kuishi umepiga magoti. Konda naye alikuwa amevaa tisheti yenye maneno hayo hayo. Jamaa aliyekaa kando yangu, comrade wa chuo ukiangalia begi, akaniambia, "Buda, unajua hayo ndiyo alisema kabla anyongwe?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nashuka Jericho, na hiyo story haiwezi kuisha kutoka Muthurwa hadi Jericho hata kukiwa na jam.

Basi wacha niiandike hapa, polepole, ndio siku nyingine nikimpata huyo jamaa nimtumie tu linki.

Kwanza hiyo line. Watu wengi duniani wanampa Emiliano Zapata, mwanamapinduzi wa Mexico. Zapata aliuawa mwaka wa 1919. Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920. Yaani hayo maneno yalikuwa yashapewa mtu mwingine, aliyekufa kabla Kimathi hajapata hata jino la kwanza. Inawezekana Kimathi aliamini hivyo, aliishi hivyo, sibishani. Lakini kusema ndiyo yaliyomtoka mdomoni siku ya mwisho ni kama kuchukua nguo ya mtu wa Mexico umvishe mtu wa Nyeri kwa sababu imemkaa poa.

Na hiyo picha pia, wasee. Tunaipenda kwa sababu anaonekana simba. Ilipigwa baada ya kushikwa, tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amepigwa risasi mguuni. Kwa picha nzima amelazwa chini, mikono imefungwa pingu. Sisi tumekata tukabakisha uso. Shika hilo neno, kukata, kwa sababu tutarudi hapo.

Sasa, nchi hii ina shida moja na maneno ya mwisho. Wale watu wetu wakubwa, wengi hawakupewa nafasi ya kuyasema.

Pio Gama Pinto aliuawa tarehe 24 Februari 1965 hapo Westlands, nje ya nyumba yake, ndani ya gari, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 37. Mtu aliye na mtoto ndani ya gari asubuhi hajiandai kutoa hotuba. Pengine alikuwa anamwambia mtoto atulie.

Tom Mboya alipigwa risasi Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, akitoka kwa duka la dawa la Chhani, barabara iliyokuwa inaitwa Government Road, leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38, waziri, mtu ambaye wengi walikuwa wanaona atakuwa rais. Alikuwa ameingia dukani kununua losheni. Mwenye duka alikuwa rafiki wa familia, wakapiga stori kidogo, akatoka. Kwa hivyo mmoja wa watu waliojua kuongea kuliko wote nchi hii, sauti yake ya mwisho ya kawaida ilikuwa ile ya mteja anayeaga dukani.

J.M. Kariuki alionekana mara ya mwisho tarehe 2 Machi 1975, pale Hilton. Mwili wake ukapatikana Ngong. Ile stori yake maarufu ya nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi, tunaisema ni kama aliipiga akivuta pumzi ya mwisho. Aliisema akiwa mzima, kwa watu, akitaka wasikie. Alichosema usiku ule wa mwisho wanakijua waliokuwa naye, na hao hawakuwa wa kwenda kuhadithia.

Unaona? Risasi haikupi dakika ya kutafuta maneno matamu.

Kimathi ndiye alipata usiku mzima. Alipata penseli na karatasi. Ndiyo maana inaniuma kwamba ni yeye tumemwekea maneno ya mtu mwingine.

Alishtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi. Wakati wa hali ya hatari hilo pekee lilitosha kukunyonga. Jaji mkuu, Kenneth O'Connor, akamhukumu kifo Novemba 1956. Rufaa zikatupwa. Akapelekwa Kamiti, na asubuhi ya tarehe 18 Februari 1957 wakamnyonga. Miaka 36. Hakuwa peke yake, maze. Waingereza walinyonga zaidi ya watu 1,000 kwa kesi za Mau Mau, na wengi wao hakuna aliyeshughulika kuandika walisema nini.

Lakini Kimathi aliandika. Kuna barua. Aliandikia padri mmoja wa Kikatoliki aliyeitwa Father Marino, wa misheni ya Nyeri. Anamwambia ni kama saa saba usiku na amechukua penseli na karatasi amkumbuke kabla wakati haujaisha. Kesho yake ni kamba.

Sasa ngoja nikuambie kilicho ndani, na ukae chini, kwa sababu mimi mara ya kwanza kuisoma nilidhani nimefungua barua ya mtu mwingine.

Anasema ana furaha na yuko bize akijitayarisha kwenda mbinguni. Anataja vitabu vya dini ambavyo padri mwingine amemletea gerezani. Halafu analalamika kidogo. Ndio, analalamika! Kwamba siku ya Krismasi ni huyo padri mmoja pekee aliyekuja kumwona, wale wengine wote waliokuwa wakija siku zingine walimsahau. Field Marshal, mtu aliyewasumbua Waingereza miaka kwa msitu wa Aberdare, usiku wa kunyongwa bado ana kinyongo cha kutotembelewa Krismasi. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Baada ya hapo anaomba mambo matatu. Mama yake ni mzee sana na ana huzuni, waende wamfariji. Mke wake, Mukami, amefungwa hapo hapo Kamiti, anahisi upweke. Siku akiachiliwa masista wakae naye karibu. Na la tatu, ambalo analigusa katikati ya barua kisha analirudia mwishoni ni kama anaogopa litasahaulika: mtoto wangu aende shule. Anaeleza hata kwamba mtoto yuko mbali na shule zao, lakini anaamini kitu kitafanyika aanze mapema. Anapofunga barua anasema ni hilo tu anaomba, mtoto wake apate elimu. Halafu anaaga dunia na vitu vyake vyote, anatuma salamu kwa wasomaji wa gazeti la Kikatoliki la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, anaweka jina.

Basi. Hakuna kusimama, hakuna magoti. Kuna mama, mke, na shule ya mtoto.

Najua kuna mtu ashaanza kununa. Wapo wasiopenda hii barua. Wanasema inamfanya Kimathi aonekane amelainika, amekimbilia kwa padri wa mzungu. Wanapenda zaidi yale ambayo Mukami alisimulia. Walikutanishwa kabla ya kifo chake, na akamwambia hana kosa isipokuwa kuongoza jeshi la ukombozi, hajuti, na damu yake itaumwagilia maji mti wa uhuru. Haya ni maneno makubwa, na mimi sina sababu ya kumwambia mke wa mtu kwamba hakusikia alichosikia. Mwaka wa 1979 kule Afrika Kusini, Solomon Mahlangu alinyongwa akiwa na miaka 22, na maneno anayokumbukwa nayo ni hayo karibu neno kwa neno, damu na mti na uhuru. Watu wanaopigania kitu kimoja huokota maneno kwa kisima kimoja.

Lakini kwa nini ni lazima tuchague? Mtu mmoja anaweza kumwambia mke wake ajikaze, damu yangu haitapotea, halafu saa saba usiku akabaki na ukuta na penseli, akili ikaenda kwa fomu ya shule ya mtoto. Ongea na mzazi yeyote wa Kayole mwezi wa Januari. Atakupea siasa za serikali nzima asubuhi, jioni anahesabu karo kwa kidole.

Na kuna kitu kuhusu Kimathi ambacho tisheti haikuambii, na kwangu ndicho funguo ya hiyo barua. Kimathi aliacha shule kwa kukosa karo. Alisoma Karuna-ini akiwa mkubwa tayari, akawa anaokota mbegu za miti auzie idara ya misitu ndio alipe shule. Akafika Tumutumu kwa masomo ya juu, pesa ikaisha, akatoka. Baadaye akafundisha kidogo, akafanya kazi za ofisi, akaingia siasa, akaingia msitu. Na hata msituni alikuwa mtu wa karatasi: barua, kumbukumbu za mikutano, rekodi. Watu wake wengine walimwona anasumbua na kuandika kwake.

Yaani dropout ndiye aliyeandika barua ya mwisho akiomba shule. Mimi ni dropout. Hapo ndipo ilinishika shati.

Kabla nifike kwangu, ona kilichotokea nchini baada ya hiyo barua. Mwaka wa 1959, miaka miwili na miezi kadhaa baada ya Kimathi kunyongwa, ndege ilitoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Aliyeipanga ni Tom Mboya, huyo huyo wa losheni. Mwaka wa 1961 watu wa upande huu wetu, Nairobi Mashariki, wakampigia kura akaingia bunge. Kufikia 1963 mpango huo ulikuwa umepeleka karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki. Mmoja wao, aliyeenda mwaka wa 1960, alikuwa msichana kutoka Nyeri, nyumbani kwa Kimathi. Alikuwa Wangari Maathai.

Na Wangari, alipojua anaenda, naye aliacha neno. Hakutaka kuzikwa kwa jeneza la mbao. Mtu amepanda miti maisha yake yote, hakutaka mti ukatwe kwa sababu yake. Alikufa tarehe 25 Septemba 2011, na Oktoba wakamuaga Uhuru Park kwa jeneza la mianzi, mafunjo na yale magugu ya ziwani, halafu akachomwa hapo Kariokor. Kariokor ya nyama choma na vikapu, wasee. Unapita hapo kila siku. Ombi lake lilifanywa vile alivyosema.

Kiswahili kina neno zuri la hiki kitu, na watoto wa siku hizi hatulitumii: wosia. Wosia unakuachia kazi. Mtu akisema afadhali kufa nimesimama, wewe unapiga makofi, unanunua tisheti, unaenda nyumbani. Akisema mama yangu afarijiwe, mke wangu asikae peke yake, mtoto wangu aende shule, kuna mtu lazima aamke kesho afanye kitu. Nadhani ndiyo maana tulichagua tisheti. Haitudai.

Kimathi tumempa barabara katikati ya jiji. Tumempa sanamu, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili. Hapa Eastlands tumempa mtaa mzima. Lakini mwili wake uko Kamiti kwa kaburi lisilo na jina, na Mukami, yule ambaye barua iliomba asiachwe na upweke, aliomba mifupa ya mume wake serikali baada ya serikali. Alikufa tarehe 4 Mei 2023 bado anaomba. Wakubwa walikuja mazishini. Hotuba zilikuwa ndefu.

Sasa mimi.

Shosh yangu alikulia Bahati. Tarehe 24 Aprili 1954, Waingereza walipofanya ile Operesheni Anvil, walizingira mitaa yetu hii, wakapekua nyumba kwa nyumba, wakapeleka watu Langata kuchujwa, wengine Manyani, wengine Mackinnon Road. Zaidi ya watu 20,000 walifungwa bila kesi. Baba ya shosh alikuwa kwa hizo lori. Shosh alikuwa darasa la pili, na hapo ndipo shule yake iliisha, kwa sababu aliyekuwa analipa alikuwa nyuma ya waya. Hakurudi. Maisha yake yote akawa anauza mboga, baadaye akahamia Jericho, vyumba viwili, watoto watano, wote wakasoma.

Nilipoingia chuo, shosh ndiye alifurahi kuliko mimi. Mwaka wa pili chama chake kilimfikia, akanitumia shilingi 21,000 kwa M-Pesa nilipe semesta. Semesta hiyo nilikuwa nishachoka na chuo, madeni yamepanda, nimeacha kuenda lekcha, na nilikuwa naamini ikiwa tu ningekuwa na simu nzuri ningeanza kutengeneza video na kila kitu kingejipa. Nikanunua simu. Na taa ile ya duara. Ndiyo simu hii naandikia.

Miezi michache baadaye akalazwa. Nilienda kumwona Jumapili, amekonda, mkono una sindano. Mazungumzo yetu ya mwisho yalikuwa haya, na sijawahi kuyasema mahali:

"Ulilipa shule?"

"Ndiyo, shosh."

"Haya. Niletee risiti nione."

Muuguzi akaja, muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Jumanne akaaga.

Kwa mazishi, familia ikanichagua nisome wasifu, kwa sababu mimi ndiye naongea vizuri. Nikasimama mbele ya watu wote wa Jericho, wa kanisa, wa chama, nikasema maneno ya mwisho ya shosh kwangu yalikuwa, "Mungu awabariki nyote, mpendane." Watu walilia. Mathe alilia. Ilikuwa imechapwa mpaka kwa ile programu ya mazishi, ukurasa wa nyuma, na maua kando. Maneno mazuri kabisa. Hayamdai mtu yeyote chochote.

Nilimkata shosh vile tumemkata Kimathi, tukabakisha uso.

Ndiyo maana sikuweza kumjibu yule jamaa wa mathree. Ningemwambia nini? Kwamba hiyo tisheti ni uongo? Mimi nimechapisha yangu.

Sijarudi chuo. Sitawadanganya hapa, nimechoka na hiyo kazi. Lakini Januari hii cousin yangu mdogo alikuwa amefukuzwa kwa salio la karo, kidato cha pili, shilingi 6,500. Zile video zilikuwa zimeingiza kitu kidogo. Nikalipa. Karani akaniuliza kama nataka risiti ama ujumbe wa simu unatosha, nikamwambia nataka ya karatasi, yenye muhuri. Nimeiweka ndani ya ile programu ya mazishi, ukurasa wa nyuma. Shosh hakuuliza ya huyo, najua. Yangu bado anangoja.

Na mathe? Bado hajui. Hii posti ikimfikia kabla nimwambie kwa mdomo, mathe, ni ukweli, na nakuja Jumapili.

Kwa wengine wenu, nendeni mtafute hiyo barua ya Kimathi muisome yote, hata sehemu ya Krismasi. Halafu niulize kitu kimoja, na usijibu haraka. Yule mtu wako uliyemzika, maneno yake ya mwisho yalikuwa gani? Yale aliyosema, si yale uliyosoma mbele ya watu. Na ulishafanya?